Siku Tuliyosubiri Waanze

Wiki iliyopita alipita nyumbani kwetu Basotu mnunuzi wa vyuma chakavu, mzee mmoja mwenye baiskeli na mzani wa kuning'iniza. Alisimama uani akaita kama waitavyo wote: "Vyuma, mabati, betri mbovu, sufuria zilizotoboka!" Mimi siku hizi naishi Dongobesh, lakini tangu tumzike baba huwa nakuja kila nikipata nafasi, namsaidia mama kusafisha stoo. Nilikuwa nimeshamtolea yule mzee karai lililotoboka, ndoo isiyo na kitako, na plau iliyovunjika mkono. Akaingia mwenyewe kuchungulia kama kuna kilichobaki, akatoka na debe.

Ni debe la mafuta ya kula, la bati, limebonyea upande mmoja kama shavu la mtu asiye na meno. Akaligonga kwa kidole. Ile sauti ilipotoka tu, mimi nilikuwa nimeshamfikia na kumnyang'anya.

"Hili haliuzwi!" nilimwambia, tena kwa ukali, mpaka mwenyewe nikaona aibu. Maskini, hakuwa amenikosea kitu. Akarudi kwenye mzani wake kupima yale mengine, na mimi nikakaa kizingitini na debe mapajani. Lilikuwa linanuka kutu, na kwa mbali sana, mafuta. Machozi yakaanza kunitoka bila hata kuniomba ruhusa.

Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya ngano hamhitaji kuelezwa debe la namna hii lilikuwa la nini. Ngano ikianza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini, ndege wanakuja. Sisi tulikuwa karibu na ziwa, na ndege hao wanalala kwenye matete ya ziwa hilohilo, kwa hiyo asubuhi wakiamka, meza iliyo karibu ni ya kwetu. Wanakuja wingu zima. Ukizembea kidogo tu, ukienda kunywa uji, ukirudi unakuta mabua yamesimama na masuke matupu. Ndiyo maana katikati ya shamba kulikuwa na dungu, kile kijukwaa cha miti cha kukaa mwinga ndege, yaani mtu wa kuwafukuza, na mtu alikaa juu yake na debe na fimbo mbili kuanzia kunapambazuka mpaka jua linazama. Hakuna Jumapili wala sikukuu. Hata misa tulikwenda kwa zamu.

Fundi wa debe nyumbani alikuwa kaka yangu Tluway. Alizaliwa mvua inanyesha, na kwa sisi Wairaqw mtoto wa mvua jina lake ni hilo. Alikuwa ameshakuwa kijana wa kunyoa ndevu mimi nikiwa bado naogeshwa kwenye beseni. Wengine tulipiga debe ili mradi likelele litoke. Tluway alilipiga likawa linasema. Alikuwa anagonga kitako, anagonga ubavu, anakwaruza kwa fimbo ukingoni, na watu waliokuwa wanapita barabarani na ng'ombe wao walisimama. Baba alikuwa anajifanya hasikii, lakini nilimwona mara nyingi akipalilia bustani ya nyumbani huku jembe linafuata mapigo ya shambani.

Tena wao wawili walikuwa na lugha yao. Ndege wakizidi, Tluway alipiga pigo moja zito, kisha mawili mepesi, akarudia: nzito, nyepesi nyepesi, nzito, nyepesi nyepesi. Hiyo ilikuwa na maana ya njoo. Baba, popote alipo, alichukua chochote kilicho karibu, ndoo, sufuria, bati la choo, akajibu kinyume chake: nyepesi nyepesi, nzito. Nakuja. Na kweli alikuja, hata kama alikuwa mezani. Mama alikuwa anasema hawa watu wakizungumza kwa midomo wanagombana, wakizungumza kwa madebe wanapatana.

Halafu Tluway akaondoka. Kuna jamaa alimwambia kwamba Arusha kuna vijana wana bendi na wanatafuta mpiga ngoma. Akaondoka na basi la alfajiri, na hilo peke yake pengine lingesameheka. Lakini aliondoka ngano ikiwa kwenye maziwa, na zamu ya dungu ilikuwa yake. Hakumwambia mtu. Baba alikuwa Katesh, mama alijua Tluway yuko shambani, na Tluway alikuwa ndani ya basi. Ndege walikula kutwa nzima bila kusumbuliwa. Baba aliporudi alitembea shambani akivunja suke moja baada ya jingine, akiyafikicha kiganjani, akipuliza, na kiganja kinabaki kitupu. Mwaka ule tulikula viazi mpaka nikavichukia, na hadi leo sivipendi.

Baba hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa chini akasema, "Aliyeniachia ndege shamba si mtoto wangu." Na kuanzia hapo akawa hataki kuitwa Baba Tluway. Mnajua kwetu mzazi anaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na baba yangu alikuwa ameitwa hivyo miaka yote. Sasa mtu akimsalimia, "Habari za leo, Baba Tluway," anajibu, "Mimi ni Baba Paskalina."

Paskalina ni mimi. Jamani, nilivyofurahi! Nilidhani nimepandishwa cheo. Nilidhani nimefanya jambo fulani zuri, labda kwa kuwa nilikuwa nimejua kukamua mbuzi, na baba ameamua kuwatangazia watu. Nilitembea kijijini nimetanua kifua. Sikuona kwamba kila anaposema hivyo mama anageuza uso. Mama mwenyewe hakumwita Baba Paskalina hata siku moja. Alianza kumwita "mzee" tu, jina ambalo hata mpita njia angemwita.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka siku konda wa basi dogo la Dongobesh alipomshushia mama habari pamoja na mzigo wa sabuni: kuna kampuni ya simu imesimamisha mnara, inazunguka minadani na lori la matangazo, na lori hilo limebeba bendi, na mpiga ngoma wa bendi hiyo ni Tluway wenu. Mnada wa Basotu atakuwepo.

Mama alikaa na habari hiyo kama mtu aliyekalia kaa la moto. Baba alikuwa amekwishapanga kupeleka kondoo mnadani, lakini siku yenyewe ilipofika ikawa kuna swali la ndege, maana ilikuwa tena msimu wa maziwa. Mtu mmoja lazima abaki shambani. Baba akasema atamtuma jirani na kondoo, abaki yeye.

"Nenda wewe," mama alisema. "Mimi nitabaki na ndege."

"Wewe si ulisema unataka chumvi na mafuta?"

"Utaninunulia. Nenda na Paskalina. Na vaa koti."

Lile koti lilikuwa la kanisani. Baba akamtazama mama, akatazama koti, akalivaa bila kuuliza kitu. Nadhani alijua. Habari za bendi zilikuwa kijiji kizima, asingeweza kukosa kuzisikia. Mama alikwenda shambani na debe mkononi na gauni lake jipya mwilini, gauni la kwenda kukaa juu ya dungu kutwa nzima, na mimi, mjinga wa watu, nikamcheka.

Mnadani tulikuta lori limeshusha bodi zake za pembeni, likawa jukwaa. Spika zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine kama magunia ghalani. Nyuma ya lori jenereta inanguruma, inatoa harufu ya petroli iliyochanganyika na harufu ya ng'ombe na nyama choma. Chini kulikuwa na meza yenye mwavuli, wauza kadi za simu wamejaa pale, hawana habari na walioko juu. Na juu, kati ya vijana watatu wenye magitaa ya umeme, nyuma ya ngoma nyingi zinazong'aa, alikuwa amekaa kaka yangu. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa fulana nyeusi na shati letu la nyumbani juu yake, lile la mistari ambalo mama alimshonea kiraka begani.

"Baba, Tluway yule!"

"Namwona," baba alisema.

Hakuondoka. Alisimama ameegemea fimbo yake, uso umekaza, pale ambapo mtu wa juu ya lori hawezi kukosa kumwona. Kwa muda mrefu wale vijana walikuwa wanajaribu vyombo. Mmoja anapiga uzi mmoja, anaacha, anazungusha kitu, anapiga tena. Tluway anagonga ngoma moja, anaikaza, anagonga. Mtu anasema "maiki, maiki" halafu kimya. Watu wakakusanyika, wakakaa wanasubiri.

Kisha mlipuko. Sijui nitumie neno gani jingine. Magitaa yote yaliingia kwa pamoja na ngoma zikaingia chini yake, na ardhi ikatetemeka chini ya ndala zangu. Nilihisi sauti ikinipiga kifuani kabla haijafika masikioni. Mbuzi walikata kamba. Mwanamke mmoja aliweka beseni lake la vitunguu chini akajishika tumbo. Kule ziwani nikaona wingu la ndege limeruka kutoka kwenye matete, likazunguka, likaenda zake upande wa pili wa maji, mbali kabisa. Gitaa moja lilikuwa linalia, kulia kwelikweli, linapanda mpaka juu kabisa ambapo unadhani litakatika, halafu linashuka linaanza tena kubembeleza. Na Tluway! Mikono yake ilikuwa haionekani. Nilijua kila alichokuwa anafanya. Kile cha kugonga ubavu, kile cha kukwaruza ukingo, vyote vilikuwa vya shambani kwetu, ila sasa vimekuwa vikubwa kama radi. Nilipiga kelele jina lake na sikujisikia mwenyewe.

Lakini hakuna aliyeimba. Sisi nyimbo tulizozijua zina maneno. Kwaya ina maneno, harusi ina maneno, hata redio ya betri ina mtu ndani yake anayelalamika kuhusu mapenzi. Hapa magitaa yanapiga, yanatulia, yanapiga tena, na hakuna anayefungua mdomo. Watu wakaanza kuulizana. Mzee Gidagurja, Mbarbaig rafiki wa baba aliyekuja kununua kondoo wetu, alisogea amejiziba masikio kwa ncha za shuka lake.

"Hawa watoto wanagonga tu," alimpigia baba kelele sikioni. "Wataanza lini?"

"Bado wanajaribu vyombo," baba alimjibu. "Mwimbaji hajafika."

Na kila mtu pale alikuwa anajua hivyo. Hata mimi. Nilifikiri, kama majaribio tu yako hivi, wakianza itakuwaje? Si tutakufa?

Mzee Gidagurja alikuwa na safari ndefu ya kurudi bomani kwake, akataka wamalize habari ya kondoo. Baba akasitasita. Aliangalia juu ya lori, na safari hii Tluway naye alikuwa anamwangalia. Nilimwona kaka yangu akitabasamu, tabasamu dogo la mtu asiyejua kama anaruhusiwa. Nikampungia mkono.

"Twende haraka," baba akaniambia. "Tukamalizane na mzee. Wakianza turudi. Nataka nisikie wimbo wenyewe uliomtoa shambani kwangu. Nikishausikia, nitampa mkono."

Alisema hivyo. Nitampa mkono. Nilikuwa nimemshika kidole, na nilisikia kwa masikio yangu.

Tukageuka tukaanza kutembea kuelekea kwenye zizi la mnada. Hatujafika mbali, magitaa yakanyamaza nyuma yetu, ikabaki ngoma peke yake. Nzito, nyepesi nyepesi. Nzito, nyepesi nyepesi. Ilipita juu ya vichwa vya watu na ng'ombe, ikapita juu yetu, ikaenda mashambani.

"Baba, Tluway anaita!"

Baba alisimama. Hakugeuka, alisimama tu, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja kama alivyokuwa anasimama bustanini. Nikaona vidole vyake juu ya fimbo vinagonga, taratibu, bila sauti: nyepesi nyepesi, nzito. Kisha akapumua.

"Anajaribu ngoma," alisema. "Mtu hamwiti baba yake mbele za watu shughuli haijaanza. Twende."

Tukaenda. Ngoma iliita tena, ikaita tena, halafu magitaa yakairukia yakaifunika, na yakapiga kwa nguvu kuliko mwanzo. Sisi tulikuwa zizini, kondoo anashikwa mgongo, anaangaliwa meno, wazee wanavutana maneno kwa kupiga kelele. Kisha ghafla kimya. Jenereta nayo ikazimika. Masikio yangu yalibaki yanavuma kama mzinga wa nyuki.

Baba aliweka koti lake sawa. Alifuta viatu kwa majani. "Sasa," alisema, na nilimwona amefurahi, usinibishie, nilimwona. "Sasa wanaanza."

Tulipofika, bodi za lori zilikuwa zimefungwa. Upande wa Mlima Hanang wingu jeusi lilikuwa limeshuka, na nyinyi mnaujua udongo wetu wa mbuga, mvua ikikukuta na lori umelala hapohapo. Lori lilikuwa limeshaingia barabarani, vumbi limesimama nyuma yake. Baba alitupa fimbo akakimbia. Sikuwahi kumwona baba yangu akikimbia, wala sikumwona tena baada ya siku ile. Koti la kanisani linapepea, anapunga mkono, anaita, "Tluway! Wee Tluway!" Mara ya kwanza kulitaja jina lile tangu kijana aondoke. Mimi nilikimbia nyuma yake nacheka, nilidhani ni mchezo. Alifika kwenye mashine ya kusaga akasimama, mikono magotini.

Mama mmoja muuza chai akaja na fimbo ya baba. "Mzee, wewe ndiye baba wa yule mpiga ngoma? Alishuka akakutafuta. Nilimwambia subiri, akasema gari linaogopa mvua. Ameniambia nimwambie mama yake amefika. Na kwamba baba amemwona, akampa mgongo."

"Mgongo?" baba alisema. "Mgongo gani? Walikuwa hawajaanza!"

"Mzee, mimi nimeambiwa niseme hivyo."

"Walikuwa hawajaanza!" Akawageukia watu waliokuwa wamesimama pale. "Si walikuwa hawajaanza?"

Na watu wote wakamkubalia. Ndiyo mzee, hawajaanza, hata sisi tunashangaa, wametujaribia vyombo kutwa nzima na wameondoka. Wengine walikuwa wanalalamika kwamba kampuni imewadanganya.

Tulimkuta mama bado shambani, jua halijazama. Aliposikia tunakuja aliteremka kwenye dungu akatupokea kwa maswali, hata salamu yangu hakuiitikia. "Mmemwona? Amekonda? Kwa nini hakuja na ninyi? Amekula?" Nikaeleza mimi, kwa maneno yangu ya kitoto, nikijivunia kelele ya magitaa na jinsi mbuzi walivyokata kamba, na katikati nikatumbukiza habari ya mgongo kama jambo dogo tu.

Mama alitazama upande wa mnadani. "Nilimsikia," akasema. "Alipoita, nilimsikia. Nikajibu." Akaonyesha debe pale juu ya dungu. "Nimejibu mpaka mikono ikaniuma."

"Hakusikia, mama," nikamwambia. "Kulikuwa na kelele."

"Najua hakusikia." Kisha akamgeukia baba. "Lakini nikuambie kitu, mzee. Leo hakutua ndege hata mmoja. Kelele zile ziliwafukuza wote. Nimekaa pale juu kutwa nzima kama sanamu. Ningejua, na mimi ningekuja kumwona mwanangu. Leo aliyekuwingia shamba lako ni Tluway."

Baba alikaa chini, hapohapo kwenye udongo, na koti lake. Alichuma suke moja akalifikicha. Lilikuwa limejaa.

Mama alimpa konda wa basi la Arusha ujumbe: mwambie Tluway baba yake hakumpa mgongo, alikuwa anasubiri waanze. Baba alisema maneno ya namna hiyo hayatumwi kwa konda, atakwenda mwenyewe. Lakini baada ya mavuno. Hawezi kuacha shamba kwa ndege halafu aende kumsamehe mtu aliyeacha shamba kwa ndege, au angemsamehe kwa mdomo gani? Alisema hivyo akicheka kidogo. Siku zile alikuwa mwepesi. Alikuwa anakaa kwenye dungu yeye mwenyewe, na nilimsikia akijaribu vile vya kukwaruza ukingo, anakosea, anarudia.

Mavuno yalikuwa hayajaisha, tulikuwa tunapepeta. Namkumbuka mama na ungo, makapi yamemjaa nywele, baba anashona magunia, na mimi natafuna ngano mbichi mpaka iwe kama ulimbo mdomoni. Gari dogo likaingia uani, wakashuka wale vijana wa magitaa, wote watatu, na hawakuwa na magitaa. Mmoja mrefu mwenye rasta alisimama mbele ya baba akasema, "Shikamoo mzee." Mama alidondosha ungo kabla hajasema la pili. Lori lilikuwa limekatika breki kwenye mteremko. Wao waliruka. Tluway alikuwa nyuma, amelala kati ya ngoma zake.

Tulimzika kwenye uwanja wa nyumbani, nyuma ya zizi. Kwaya ya kigango iliimba, na nyimbo zilikuwa na maneno mengi, na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni baada ya watu kupungua, baba amekaa kwenye benchi na yule kijana wa rasta, na mimi nimejibanza kwenye mguu wa baba.

"Kuna konda alimfikishia ujumbe wa mama yake?" baba aliuliza.

"Ujumbe gani, mzee?"

Baba akatikisa kichwa, akauacha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu. "Siku ile mnadani. Zile kelele mlizokuwa mnapiga. Mlikuwa mmeanza?"

Kijana hakuelewa. "Kuanza nini, mzee?"

"Wimbo. Mwimbaji wenu hakuja."

"Sisi hatuna mwimbaji, mzee. Hatuimbi. Tunapiga vyombo tu, ndiyo muziki wetu ulivyo." Alimwangalia baba, nadhani akaanza kuelewa, maana macho yake yalijaa. "Ulikuwa umeanza, mzee. Ndio ulikuwa wenyewe."

"Wote ule?"

"Wote."

"Na pale alipopiga peke yake?"

"Kipande kile hakikuwepo kwenye wimbo. Tulimshangaa. Alituashiria tunyamaze, akapiga hivyo, akarudia, akawa anaangalia kule chini kwa watu. Halafu akatuambia tuendelee."

Baba alisema, "Aa." Hilo tu. Jirani mmoja akaja kuaga, akamshika mkono, akasema kwa heshima zote, "Pole sana, Baba Paskalina."

"Baba Tluway," baba akamjibu. "Mimi ni Baba Tluway."

Nilijisikia vibaya, niwaambie ukweli. Nililia siku ile kwa ajili ya jina langu kuliko kwa ajili ya kaka yangu. Nilidhani nimeshushwa.

Magunia yaliingia ghalani, shamba likabaki mabua makavu, jirani akaingiza ng'ombe wake kulisha. Na baba akaendelea kwenda kwenye dungu. Anaamka, anakunywa uji, anachukua debe na fimbo zake, anakwenda anapanda, na tunasikia: nyepesi nyepesi, nzito. Nyepesi nyepesi, nzito. Watu waliokuwa wanapita barabarani walikuwa wanaangalia shamba tupu, wanaangalia mzee, wanaharakisha. Mimi nilimwonea huruma, nilidhani hajaona kuwa ngano imekwisha. Nikaenda chini ya dungu nikamwambia kwa upole, kama vile yeye ndiye mtoto.

"Baba, ndege hawapo. Tumeshavuna."

Aliacha kupiga. Alinitazama pale chini.

"Najua," alisema. Akaendelea.

Aliendelea miaka yote, si kila siku, lakini kila shamba linapobaki mabua. Mwaka huu hakuweza tena kupanda dungu, nikamweka kwenye kiti uani na debe kati ya magoti, akawa anagonga kwa vidole, kama siku ile juu ya fimbo. Tulimzika ubavuni mwa Tluway.

Basi ndivyo nilivyokuwa nimekaa pale kizingitini, nalililia debe mbele ya mnunuzi wa vyuma. Alikuwa amemaliza kupima, amefunga mzigo kwenye baiskeli. Nikaligeuza debe, nikaligonga kitako kwa kiganja. Nyepesi nyepesi, nzito. Nikarudia.

Yule mzee akageuka na sura ya matumaini. Nadhani alifikiri nimebadili mawazo.

"Unajaribu kama bado zima, mama?"

Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka jikoni.

"Hajaribu huyo. Ameshaanza."